Cheti Kisicholiwa na Mchwa

Nilimwonyesha kidole. Sio kwa kuzunguka, sio kwa mafumbo, kidole chenyewe, hiki cha mkono wa kulia, nilikinyoosha mbele ya watu kama mia mbili ndani ya ukumbi wa kanisa pale Thika, maikrofoni nimeikaba na mkono wa kushoto, nikasema kwa ile sauti ya kuita wateja sokoni, "Mwizi wa Thithino ni huyu hapa!" Na yule niliyemwonyesha alikuwa Nyambura, karani wa hiyo kampuni yetu ya Thithino, mama yake Wambui, na Wambui ndiye msichana ambaye kijana wangu Njoroge alikuwa amebakisha wiki tatu tu kumpelekea ruracio. Mahari, yaani. Blanketi tulikuwa tumeshanunua.

Wambui mwenyewe alikuwa pale nyuma ya ukumbi akimimina chai, maana ofisi ilikuwa imeomba wasichana wa kusaidia. Nilimwona. Aliweka ile chupa ya chai chini kwa sakafu, sio kwa meza, akavua aproni, akaikunja mara nne kama mtu anayekunja shuka la mgeni, akaiweka juu ya chupa, akatoka. Hakulia. Angelia ningejua pa kuanzia.

Kwetu Wakikuyu, muthoni, yaani mkwe, ni mtu unamwinamishia macho, unampa kiti kile kizuri, hata kikombe unamchagulia ambacho hakijavunjika sikio. Mimi wangu nilimpa kidole na maikrofoni.

Naandika haya na uso umenichoma, na sitajifanya kwamba sikukosea, nilikosea, mdomo ni wangu na kidole ni changu. Lakini sikukosea peke yangu, na wale niliokosea nao wanatembea Thika na Mugutha wakisalimiwa kama watu wa maana, na mimi ndiye natembea nikiangalia chini. Kwa hivyo nitawataja. Mmoja ni Ndirangu mwenye saiba, duka la kompyuta, hapo Thika. Wa pili ni Gachanja, jirani yangu hapa Mugutha. Mkiwaona muwaambie nimeandika.

Wacha nirudi nyuma.

Mimi ni mtu wa darasa la tano. Nauza ndengu, maharagwe na njahi kwa soko la Ruiru, na nimeuza tangu Njoroge akiwa mgongoni. Mambo mengi ya hii dunia yamenipita juu na nikabaki nimesimama, mume alienda, nyumba ya kwanza ikaungua, na kuna wakati nikaweka akiba yangu yote ya plot kwa wale watu wa kuzidisha pesa, wale walikuwa wanakupa soda na kitabu chenye picha ya gari, na siku moja nikaenda ofisini kwao nikakuta mtu anapaka rangi ukuta, ananiuliza, "Mama, umekuja kuona nyumba?" Hiyo siku niliapa kwamba mali yangu yoyote itakayobaki nitaiona kwa macho kila nikitaka, yote, mahali pamoja. Huo ndio mwanzo wa ujinga wangu wote, na mnaona ulikuwa mwanzo mzuri.

Mama yangu, maitu, alipofariki aliniachia hisa za Thithino. Thithino ni jasho kwa Kikuyu, na ni kampuni ya wale wachumaji kahawa wa zamani waliochanga wakanunua shamba la mzungu kule Theta. Mwanzo iliitwa Thithino Farmers. Baadaye ikajenga maduka ya kukodisha ikaitwa Thithino Holdings. Cheti nilichokuta kwa kibati cha maitu kilikuwa cha manjano, cha Holdings, hisa mia mbili na arobaini. Nikakipeleka ofisini Thika, Nyambura akanipokea (wakati huo Njoroge na Wambui hata hawajajuana, walijuana kwa sababu ya hizo safari zangu za ofisi, hilo nalo ni jambo), akanibadilishia jina bila kunisumbua, akaniambia pole ya mama. Kila mwaka mgao wa faida ukawa unaingia kwa simu. Sikuwa na shida na mtu.

Halafu nikaamua kutupa godoro la maitu. Lilikuwa limekuwa mawe. Nikalipasua nione kama sponji inaweza kusaidia kitu, na ndani, kwa mfuko wa plastiki umefungwa na kamba ya kiondo, nikatoa cheti kingine. Cha kijani. Thithino Farmers. Hisa mia mbili na arobaini.

Haiya! Nilikaa chini. Mnajua nilifikiria nini? Nilifikiria Farmers ni ile kampuni ya shamba na Holdings ni ile ya maduka. Kampuni mbili, vyeti viwili, rangi mbili, na maitu kama kawaida yake amenificha moja mpaka akaondoka. Nililia nikicheka. Nikampikia Njoroge kuku siku ya Jumanne.

Sasa hapo ndipo ningeenda ofisini kuuliza. Mtu mwenye akili angeenda. Mimi nilienda kwa Ndirangu.

Ndirangu ni mwanaume wa miaka arobaini hivi, huvaa tai hata kukiwa na joto, na kwa dirisha la saiba yake alikuwa amebandika karatasi imeandikwa JUA MALI YAKO YOTE. Nilikuwa nimeipita mara nyingi na kila mara roho inadunda. Nikaingia, nikamtolea kila kitu, hisa za sacco yetu ya soko, zile hisa kidogo za benki nilinunua wakati kila mtu alikuwa ananunua, na vyeti viwili vya Thithino. Akaniambia, "Mama, hii programu ndiyo matajiri wanatumia kuangalia mali yao. Unafungua simu, unaona umefika wapi." Nikalipa. Nikakaa kando yake kwa kiti nikiangalia kila kitu anachobonyeza, maana nilikuwa nimeapa.

Sikilizeni vizuri hapa.

Aliandika Thithino, akaweka hisa mia mbili na arobaini za kile cha manjano. Akaandika Thithino tena ya kile cha kijani, na mashine ikakataa. Nilimwuliza inasema nini. Akasema, "Inasema jina hilo tayari liko." Basi akaongeza namba mbili mbele yake, ikawa Thithino 2, mashine ikakubali. Mimi nikamsifu! Nikamwambia wewe umesoma.

Dakika haijaisha, ikaleta maandishi mengine na alama ya njano. Ndirangu akasoma, akakuna kidevu.

"Mama, hii kitu inadhani hizi mbili ni moja. Inauliza niziunganishe."

"Ukiunganisha nitakuwa na ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Na ukiacha?"

"Mia nne na themanini."

Sasa wewe unayesoma, na ulivyo mwerevu hapo ulipo, ungejibu nini? Nilimwambia aache zote. Hiyo ndiyo dhambi yangu, maneno mawili, acha zote, na nayameza kila siku asubuhi na chai. Lakini yeye alikuwa na vyeti vyote viwili mkononi! Kwa kona ya kila kimoja kuna namba ya mwanachama, na ni ile ile, mia tatu kumi na saba, ameziandika mwenyewe na vidole vyake, moja juu ya nyingine. Mimi ni wa darasa la tano. Yeye ana tai.

Na hiyo haikuwa mwisho. Tulipoweka mgao wa faida ulioingia kwa simu yangu, wote ukaenda kwa Thithino ya kwanza, na ile Thithino 2 ikabaki na mstari mwekundu. Nikauliza mbona nyekundu kama damu. Na hapa ndipo Ndirangu alisema yale maneno ambayo ningetaka ayasikie tena kwa masikio yake mwenyewe. Alizungusha kiti, akaniangalia, akashusha sauti kama daktari.

"Mama, hizi hisa zina miaka mitatu bila mgao. Kuna mtu anakula hapa."

Kuna mtu anakula hapa. Hakusema labda. Hakusema ulizia. Akaniprintia karatasi mbili na ule mstari mwekundu ukitokea vizuri, akanilipisha na za kuprinti.

Mashine ilisema mara tatu, ndugu zangu. Ilikataa jina, ikauliza swali, ikaweka nyekundu. Mara tatu, na mara tatu mtu mwenye tai aliifunga mdomo. Sina ugomvi na mashine.

Nilirudi Mugutha na ile karatasi kwa kifua, na mtu wa kwanza kukutana naye kwa barabara, si ni Gachanja. Gachanja ni mwanachama wa Thithino pia, na aliwahi kutaka uenyekiti akapata kura za watu wa nyumba yake (sio wote), na tangu hapo hajawahi kusema jambo zuri juu ya hiyo ofisi. Aliiangalia karatasi kwa muda mrefu, akaikunja polepole, akanirudishia kwa mikono miwili kama Biblia.

"Mama Njoroge, nilijua. Nilijua tu."

"Nifanye nini? Niende ofisini kesho?"

"Ofisini? Ukienda ofisini kesho, kesho kutwa faili imechomwa. Ngoja mkutano wa mwaka. Simama mbele ya watu. Ukishasema, mimi nitasimama baada yako, na nyuma yangu watu thelathini."

"Lakini karani ni muthoni wangu, Gachanja."

"Kwani mgao wako ulikuwa wa kununua urafiki?"

Mnaona vile mtu anaweza kukusukuma na hajakugusa? Mwezi mzima akawa ananipitia sokoni kila Ijumaa, ananunua njahi kilo moja, ananiuliza kama moyo ungali mgumu. Na mimi moyo ulikuwa unaiva. Nikaanza kukumbuka kwamba Nyambura ana viatu vizuri. Nikakumbuka aliwahi kupaka rangi lango la nyumba yake kule Mwihoko, la bluu, nikajiuliza hiyo rangi ilitoka wapi. Mtu akishaamua wewe ni mwizi hata rangi ya lango ni ushahidi.

Njoroge ndiye alijaribu. Ni fundi wa kuchomelea milango hapa Ruiru, si mtu wa maneno mengi, lakini hiyo asubuhi ya mkutano alikuta nimevaa ile suti ya zambarau niliyokuwa nimeshonesha ya ruracio yake, akasimama mlangoni.

"Mum, si upige simu kwanza. Uliza tu."

"Mwizi hapigiwi simu."

"Ni mathe ya Wambui, mum."

"Ndiyo maana! Unataka kuoa kwa nyumba iliyojengwa na mgao wangu?"

"Nyumba yenyewe ni ya mabati, mum."

"Mabati ya nani?"

Akaenda kazini. Ningemsikiliza ningekuwa sasa nina mkaza mwana ndani ya nyumba ananiuliza chumvi iko wapi.

Basi mkutano. Watu walisoma hesabu, wakaomba, wakabishana juu ya choo cha yale maduka, na ilipofika maswali ya wanachama nikainua mkono. Nyambura mwenyewe ndiye aliniletea maikrofoni! Alitoka kwa meza ya mbele na mafaili yake, akaja nayo, akatabasamu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Suti imekutoa vizuri, muthoni." Nikaichukua kwa mkono wake. Yaani nilimtukana na maikrofoni aliyoniletea mwenyewe ikiwa bado na joto la mkono wake.

Nilianza vizuri. Nikasema maitu alichuma kahawa na mimba yangu. Nikainua ile karatasi ya Ndirangu, nikawaambia kompyuta haidanganyi. Nikainua cheti cha manjano. Nikainua cha kijani, nikakipeperusha kama bendera, watu wakaanza kunong'ona, na mimi nikadhani ni hasira ya haki. Kumbe wazee wa mbele walikuwa wanaulizana kile cha kijani kimetoka wapi, maana vya kijani vilirudishwa vyote. Hapo ndipo kidole kikatoka. Hapo ndipo lile neno.

Nikageuka kumtafuta Gachanja asimame. Gachanja alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Nawaambia kwa jina la Mungu aliye juu, viatu vya Gachanja ni vile vya kuingiza mguu tu. Havina kamba.

Mwenyekiti hakukasirika, na hiyo iliuma zaidi. Aliniuliza kwa upole, "Mama Njoroge, hebu tusomee namba ya mwanachama kwa hicho cha kijani."

"Mia tatu kumi na saba."

"Asante. Na kwa cha manjano?"

Niliangalia. Niliisoma ndani ya kichwa. Mzee mmoja wa mbele akaniambia, "Soma, mama, usituogope," nikasoma. Mia tatu kumi na saba. Wengine wakaanza kucheka kwa pua.

Mwenyekiti akaeleza, na akaeleza kama mtu anamwambia mtoto, kwamba Farmers na Holdings ni kampuni ile ile moja, ilibadilisha jina tu, na kila mwanachama alirudisha cheti cha kijani akapewa cha manjano, hisa zile zile, mtu yule yule. Kwa hivyo mimi sina mia nne na themanini. Nina mia mbili na arobaini, na mgao wake nimepewa wote mpaka senti.

Nikajaribu kujitetea (ningenyamaza! kwa nini sikunyamaza!), nikasema, "Kama vya kijani vilirudishwa vyote, hiki cha mama yangu mbona hakikurudishwa? Nani alimpa cha manjano bila kuchukua cha kijani?"

Nyambura alikuwa amekaa mikono kwa mapaja, macho kwa meza. Akafungua faili moja, akatoa barua, akampa mwenyekiti bila kumwangalia mtu. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, naye nadhani hakuwa ameisoma kabla, maana angeijua hangeisoma mbele ya watu. Ilikuwa barua ya maitu, imeandikwa na mtu kwa niaba yake, na chini imewekwa kidole gumba. Ilisema hivi: "Naapa ya kwamba cheti changu cha kijani kimeliwa chote na mchwa nyumbani kwangu, hata kona haikubaki, naomba nipewe cha manjano kama wenzangu."

Na mimi nimesimama pale, nimekishika juu. Cha kijani. Kizima. Kona zote nne.

Yule mzee wa mbele akauliza, "Kwani hao mchwa walikitapika?"

Mungu wangu. Watu walicheka mpaka mama mmoja akatolewa nje. Maitu, mwanamke ambaye hakuwahi kuchukua hata mchicha wa jirani, nilimfanya mwongo mbele ya kampuni aliyoitolea jasho, na yuko kaburini hawezi kujibu. Namjua. Hakudanganya kwa tamaa. Hiyo karatasi aliipata baada ya miaka ya kuchuma kahawa na kukatwa mshahara, hangeirudisha kwa ofisi hata angeambiwa na malaika. Alitaka tu alale juu yake. Na alilala juu yake mpaka mwisho, na hakuna mtu alidhurika, mpaka mimi nilipoleta kompyuta.

Tangu hiyo siku soko la Ruiru lote naitwa Mama Mchwa. "Mama Mchwa, ndengu ni ngapi leo?" "Mama Mchwa, hiyo gunia iko salama?" Hilo naweza kubeba, nimebeba mazito. Ambalo siwezi kubeba ni Njoroge. Anakuja, anakula, anasema asante mum, anaosha sahani yake mwenyewe. Blanketi za ruracio ameziweka juu ya kabati zikiwa bado na karatasi zake. Wambui anapokea simu zake, lakini amemwambia hawezi kuingia nyumba ya mtu aliyemwita mama yake mwizi, na msichana kama huyo hata mimi ningemzaa ningemfundisha hivyo hivyo.

Nilifanya inavyofanywa. Nikanunua kondoo mnono, nikaenda Mwihoko na shangazi yangu mmoja wa kunisemea, nikasimama kwa lile lango la bluu. Kaka yake Nyambura, ndiye anayeongea kwa hiyo nyumba, akatoka, akamzunguka kondoo, akamshika mgongo.

"Kondoo ni mzuri," akasema. "Mrudishe."

Shangazi akamwomba, akamwambia tumekuja kuosha neno.

"Neno tutaliosha namna gani na hatujui lilizaliwa wapi? Mama Njoroge, ulimwona dada yangu akichukua pesa yako?"

"Hapana."

"Basi nani alikuambia?"

Nikasema Ndirangu wa saiba, ndiye alisema kuna mtu anakula. Akaitikia kwa kichwa muda mrefu.

"Basi mlete. Aje aseme hayo maneno hapa, mbele ya Nyambura, halafu ayameze. Wewe uliyabeba tu, na ulivyoyabeba vibaya utalipa na huyu kondoo. Lakini mwenyewe aje. Ndipo tutaongea mambo ya watoto."

Tulipokuwa tunageuka Nyambura akatoka mpaka langoni. Hakufungua. Aliongea juu ya lango.

"Mama Njoroge, mimi nilijua mama yako anacho hicho cheti. Siku ile ya barua alikuwa amekikumbatia ndani ya kiondo, kona ya kijani inaonekana. Nikamwambia kama nyanya yangu, cucu, tuseme ni mchwa. Akacheka akaniita mtoto mzuri."

Halafu akarudi ndani. Yaani yule niliyemwita mwizi ndiye alikuwa amemfunikia mama yangu. Nilirudi na kondoo mpaka Mugutha.

Kesho yake nilikuwa Thika saa mbili, kabla Ndirangu hajafungua. Nikamweleza yote, nikamwambia ni safari ya nusu siku tu, nitamlipia nauli, nitamfungia njahi. Mnajua aliniambia nini? Alinyoosha tai.

"Mama, mimi ni mtu wa kompyuta. Mteja akisema acha, naacha. Mambo ya ukoo sijui."

"Ulisema kuna mtu anakula."

"Hiyo ilikuwa maoni."

"Basi angalau ziunganishe hizo Thithino ziwe moja, nisizione tena."

"Kuunganisha ni mia tano."

Sikulipa. Ndiyo maana mpaka leo nikifungua simu niko na hisa mia nne na themanini na mstari mwekundu. Na nimeapa tena, maana kuapa najua: karatasi yoyote nisiyoielewa sitainua juu ya kichwa changu tena, na swali lolote la mtu nitampelekea mwenyewe, mlangoni kwake, kwa sauti ya chini.

Lakini kiapo changu hakimletei Njoroge bibi. Kwa hivyo Gachanja, nitakutafuta na viatu vyako, wewe zamu yako inakuja. Nawe Ndirangu, nakuita mbele ya wote wanaosoma. Sikudai mia tano, sikudai pesa ya kuprinti. Nataka yale maneno yako manne, kuna mtu anakula hapa, useme ni yako. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, Mwihoko, uliza lango la bluu. Kondoo nitamleta mimi. Wewe lete mdomo, na ukitaka uje na tai.